Paa la Baba Yake Jenita

Jenita Rifuala aliingia katika ufundi wa sola kwa sababu ya sisimizi. Wakati huo alikuwa akiuza popoo na tambuu katika soko la Auki, mji mdogo wa pwani ya kisiwa chetu, kwenye meza ya shangazi yake, na jirani yao alikuwa na kibanda cha kuchaji simu kwa paneli moja iliyofungwa juu ya bati. Siku kibanda kilipogoma, mwenyewe alikipiga teke, akakitukana, akaenda kunywa chai. Jenita aliacha biashara yake, akafungua kisanduku cha nyaya kwa ncha ya kisu cha kupasulia popoo, akakuta sisimizi wamejenga ndani. Akawafagia kwa unyoya wa kuku. Simu zikaanza kulia karibu zote kwa pamoja, na yeye akacheka peke yake kama mtu aliyetekenywa.

"Huyu mtoto ataolewa na betri," shangazi yake aliwaambia wateja.

Hakuolewa na betri, lakini hakukaa mbali nazo tena. Redio ya Honiara, mji mkuu wetu, ilikuwa ikisema kila asubuhi kwamba kazi za siku zijazo ziko kwenye jua, kwenye upepo na kwenye misitu isiyokatwa. Watu sokoni walisikiliza kama wanavyosikiliza habari za hali ya hewa za nchi nyingine. Jenita alisikiliza kama mtu anayeitwa kwa jina lake. Chuo kimoja cha ufundi kilipoanza kupokea wasichana katika darasa la umeme, alikwenda. Alipomaliza, kampuni ndogo ya sola pale Auki ilimchukua kwa majaribio, chini ya Selwyn Afia, mtu wa pwani, mwenye kitambi na moyo mzuri, ambaye huficha moyo huo nyuma ya makelele.

Mjini Jenita hakuwa na shida. Alipanda mabati ya maduka, ya benki, ya ghala la mbata, akiwa na drili kiunoni na skrubu mdomoni. Mjini watu hufumba macho, kwa sababu nyumba za mjini hazina mababu. Shida ilianza Selwyn alipompeleka kufunga sola Faurafu, milimani, kijiji alikozaliwa, akidhani kwao ndiko atakakopokewa vizuri zaidi.

Kwetu milimani mwanamke hakai juu ya mwanamume. Haruki miguu yake iliyonyooshwa, hapitishi kikapu juu ya kichwa chake, na hapandi paa la nyumba ambamo mwanamume hulala au huingia. Akipanda, nyumba ile haiwafai wanaume tena. Mwanamume akiingia humo anajitafutia ugonjwa, na familia ya mwanamke italipa nguruwe na mikufu ya shanga za kombe. Ukristo umekuja, kanisa lina kengele na kwaya, na mambo mengi ya zamani yamekwenda zake. Hili halikwenda.

Kwa hiyo Jenita alipofika Faurafu hata hakuyatazama mapaa. Alichimba mashimo nyuma ya nyumba, akasimika nguzo fupi, na kila paneli akaifunga kimo cha kiuno, ili hata mikono yake isipite juu ya kichwa cha mtu. Fundi wa mahali pengine popote asingefanya hivyo. Yeye alifanya bila kufikiri, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba aliyokulia, na kijiji kizima kikaona sawa. Jioni ya kwanza taa zilipowaka, wazee walikaa nje wakitazama milango yao wenyewe.

Lakini mvua ya milima yetu haichezi. Mihogo ilirefuka, migomba ikafungua majani mapana kama mashuka, nguruwe wakajikuna kwenye nguzo, na kuku wakagundua kwamba paneli ina joto zuri asubuhi. Baada ya miezi michache taa zilikuwa zikififia hata kabla viazi havijaiva.

"Dada, taa zako ni Wakristo wazuri," binamu yake Fredi alimwambia mbele ya watu. "Jua likizama nazo zinasali na kulala."

"Na wewe ungezifuata ungekuwa umeokoka," Jenita alijibu. Watu walicheka, lakini yeye alikwenda kukata majani ya migomba ya watu bila kuomba ruhusa, jambo ambalo si desturi yake.

Selwyn alipanda kuja kuona. Alifika amelowa jasho, viatu vimebeba udongo mwekundu, akazunguka nyuma ya nyumba moja baada ya nyingine. Mwisho akasimama mbele ya paneli yenye kuku wawili.

"Jenita. Hii ni sola au banda?"

"Kuku nawafukuza, bosi."

"Na migomba? Nayo unaifukuza?"

Jenita aliwafukuza kuku. Selwyn alikaa juu ya gogo, akavua kofia, na sauti yake ikashuka.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi pia nina mama aliyenilea. Sikuja kukutukania mila. Lakini kazi yote ya mwaka huu iko milimani. Kijiji kwa kijiji, hadi upande wa pili wa kisiwa. Kila kijiji kina mapaa, na kila paa lina mwanamume chini yake. Kama huwezi kupanda, nikupe kazi gani?"

"Naweza kupanda."

"Najua unaweza. Nimekuona Auki, unapanda kama mjusi. Nauliza kama utapanda."

Selwyn akavaa kofia yake.

"Nitarudi Jumamosi ijayo. Nikute nyumba moja tu, moja, ina paneli juu ya bati, imefungwa na fundi wangu mwenyewe. Hapo kazi ni yako. Nikikuta hivi, nitamleta Hugo. Hugo anafunga skrubu zikiwa zimepinda, lakini anapanda."

Jenita alijaribu njia ya katikati. Fredi apande, yeye asimame chini na kuelekeza. Walichagua jiko la shangazi mmoja lenye mabati machache, mahali ambapo hasara ingekuwa ndogo.

"Weka mkono wa kushoto kwenye mbao," Jenita alisema kutoka chini.

"Mbao ipi?"

"Ile chini ya bati."

"Kama iko chini ya bati nitaionaje?"

"Fuata misumari, Fredi. Misumari imefuata mbao."

"Misumari hii ilipigiliwa na mlevi."

Aliyeipigilia alikuwa marehemu baba yake Fredi, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Fredi alitoboa bati mahali pasipo na mbao, akatoboa tena, akasimama vibaya, paneli ikateleza hadi ukingoni na kusimama yenyewe kwa rehema za Mungu. Usiku mvua ikanyesha ndani ya jiko. Asubuhi shangazi alimletea Jenita sufuria ya maji ya mvua, akaiweka miguuni pake, akaondoka.

Mchana huo Jenita alikaa nje ya jiko la mama yake, akimenya majimbi. Baba yake alikuja kukaa karibu, kwenye kigogo chake, akapasua popoo, akachovya jani kwenye chokaa.

Baba yake huyu, Rifuala, ni katekista wetu. Ni mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo kanisani huwafanya watu wainame mbele kumsikia. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya michikichi katika kisiwa jirani cha Guadalkanali, na alichorudi nacho kilikuwa mabati. Aliyabeba mgongoni kutoka pwani, mafungu kwa mafungu, mabega yake yakapasuka na kupona na kupasuka tena. Nyumba aliyoijenga kwa mabati hayo ndiyo kitu pekee nilichowahi kumwona akikigusa bila sababu. Akipita, hupitisha kiganja ukutani, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake.

"Huku chini hufanyi kazi yako," alisema.

"Naifanya, Baba."

"Unafanya nusu."

"Nusu nyingine iko juu ya kichwa chako, Baba."

Rifuala aliongeza chokaa kwenye jani. "Ndiyo," alisema. Kisha, "Ukiwa juu huko, mjini, unaogopa?"

"Juu siogopi kitu. Naogopa chini."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi bosi atakuja na Hugo. Mimi nitarudi kwa shangazi. Popoo hazina paa." Alijaribu kucheka. Kisu kiliteleza kwenye jimbi, akakiangalia kama kimemsaliti. "Sikulaumu, Baba. Usifikiri nakulaumu. Nilitamani tu kazi hii iwe yangu. Sijawahi kutamani kitu kingine hivi."

Baba yake alitema mate mekundu pembeni, akajifuta mdomo, akaondoka. Mama Losi, mke wake, aliyekuwa akisikia yote kutoka jikoni, alisema, "Amekwenda kuomba. Au amekwenda kulala. Kwa baba yako huwezi kujua."

Hakwenda kuomba wala kulala. Alikwenda msituni kukata nguzo. Kwa siku zilizofuata tulimwona akijenga kibanda cha makuti upande wa chini wa kiwanja, karibu na njia ya kisimani, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba anajenga. Ijumaa, baada ya sala ya asubuhi, alianza kutoa vitu vyake nyumbani. Alitoa panga, mkeka, Biblia, kanzu ya kanisani, mto mmoja, na picha ya mama yake iliyopauka mpaka ikabaki macho tu. Alipomaliza alisimama mlangoni, kwa nje, akaongea kwa sauti ileile ndogo, na watu wakasogea.

"Kuanzia leo nyumba hii ni ya mama yake Jenita na wanawake wake. Mimi simo. Mwanamume yeyote asiingie. Nani anapanda juu yake, si habari ya mtu tena."

 Kaka yake mkubwa, Maelasi, mzee mwenye fimbo na maneno mengi, ndiye aliyeanza.

"Rifuala, umeugua?"

"Sijaugua, kaka."

"Nyumba uliyoibeba mgongoni unaitupa kwa ajili ya waya? Si umwambie mtoto apande tu, mara moja, sisi tugeuke tutazame mlima, halafu tusahau?"

"Nikimwambia apande tu, nitakuwa nimewaambia wote kwamba neno letu ni upepo. Kesho kila mtu atasahau anachotaka. Sijavunja kitu, kaka. Nimehama."

"Na ukifa? Tutaingiaje kukulilia?"

"Nitafia huku kwenye makuti. Ni karibu zaidi na kaburi, mtapata nafuu ya kunibeba."

Baadhi walicheka, na Maelasi akapiga fimbo chini, lakini kwa desturi hakuna lililokosewa. Mama Losi ndiye aliyemaliza mkutano. "Miaka yote nimelala kando ya mkoromo wake," alisema, "hatimaye nitasikia mvua." Kisha akaingia ndani haraka, na wanawake waliomfuata walisema baadaye kwamba alikaa kitandani, upande wa mumewe, ameushika ule mto wa pili.

Jenita alikuwa amesimama kando ya uzio muda wote. Alimwendea baba yake kwenye kibanda, akainama kupita mlangoni, akakaa chini.

"Baba, rudi ndani. Nitauza popoo."

"Hutauza."

"Nyumba ni yako."

"Nilibeba mabati yale ili watoto wangu wasinyeshewe," Rifuala alisema, akinyoosha mkeka ambao ulikuwa umenyooka tayari. "Hujanyeshewa. Mabati yamemaliza kazi yao kwangu. Sasa yafanye kazi kwako."

Jenita alilia, na baba yake akamwacha alie, akiendelea kunyoosha mkeka.

Jumamosi Selwyn alifika na ngazi ya alumini begani kwa Hugo. Hugo ni kijana mrefu asiyependa kutembea, na alikuwa na hasira na mlima. Walikuta kiwanja kimejaa watu. Wanaume walikuwa wamekaa mbali, chini ya mshelisheli, wakitazama bonde. Rifuala alikaa mbele ya kibanda chake, mgongo kwa nyumba. Kwa nyumba ile sasa hapakuwa na lazima ya kugeuka, lakini aligeuka.

Jenita alichukua ngazi kutoka kwa Hugo, akaiegemeza, akapanda.

Aliligonga bati kwa kifundo cha kidole, akisikiliza mbao iliko, kama daktari kifuani. Baba yake alikuwa amezipanga mbao zile kwa vipimo sawa, kwa hiyo alipoipata ya kwanza alizijua zote. Drili ililia. Aliweka mpira chini ya kila skrubu ili mvua isipate njia. Kazi ilipokwenda vizuri alianza kuimba kwa pua, wimbo wa kwaya, na sauti ndogo kutoka kule kwenye kibanda ikamwitikia bila kugeuka.

"Unaimba juu sana," Rifuala alisema.

"Niko juu sana, Baba."

Waliokuwa chini ya mshelisheli walicheka, hata Maelasi.

Saa ya ukaguzi ilipofika, Selwyn alijipangusa, akachukua kipimo chake, akaelekea mlangoni. Mama Losi alinyoosha mkono.

"Hapo hapo, bosi."

"Nataka kuona betri, mama."

"Sikatai. Lakini wewe ni mwanamume?"

Selwyn alitazama tumbo lake kana kwamba jibu lilikuwa huko. "Ndiyo, mama."

"Basi uliza, nitakujibu."

Ikabidi mkuu wa ufundi wa kampuni asimame nje, shingo ameirefusha, akikagua nyumba kwa mdomo.

"Kuna kisanduku cheupe ukutani?"

"Kipo."

"Kina taa ndogo?"

"Kinayo. Ya kijani. Nzuri."

"Inawaka tu au inakonyeza?"

"Bosi, mimi ni mke wa katekista."

"Mama, taa. Taa inakonyeza?"

"Haikonyezi. Ina adabu."

Aliuliza habari za nyaya, za fyuzi, za namba zilizoandikwa kwenye betri, na kila mara Mama Losi alijibu kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia. Mwishowe Selwyn aligeuka kumtazama Hugo, aliyekuwa amelala kwenye majani na kofia usoni.

"Hii ikiharibika," alimwambia Jenita, aliyekuwa akishuka ngazi kwa upande mwingine, "Hugo hawezi kuingia kuitengeneza."

"Hawezi, bosi."

"Hata mimi siwezi."

"Hata wewe."

Wanawake watatu walikuwa wamesogea. Mmoja alikuwa yule shangazi wa jiko lililovuja, na yeye ndiye aliyesema. Mume wake, alisema, kwa nyumba kubwa hakubali, na yeye hamlazimishi. Lakini jiko ni lake, wanaume wanaokuja humo huja kuiba samaki wa kopo tu, na akiwazuia atapata faida mbili. Anataka paneli juu ya jiko, na kwanza anataka matundu ya Fredi yazibwe. Wengine wawili walitaka hivyo hivyo. Kule Abufau, kijiji jirani, dada wa shangazi huyo alikuwa tayari anaulizia kama fundi mwanamke anafika huko.

Selwyn aliwasikiliza, akahesabu kitu kichwani, akakohoa.

"Naona nahitaji fundi mwanamke," alisema, kama mtu aliyewaza hilo peke yake njiani. "Jumatatu unaanza na hili jiko, halafu Abufau. Ngazi nakuachia. Na Jenita, kama sitaruhusiwa kuingia nyumba ulizofunga, utakagua mwenyewe. Nikisikia malalamiko, ni wewe."

"Ni mimi, bosi."

"Mpeni viazi huyu," Mama Losi alisema. "Njaa inamfanya aseme polepole."

Waliposhuka mlima, Hugo hakubeba kitu, na alionekana mwenye furaha kuliko wote.

Jioni Jenita alimwendea baba yake na kipande cha waya mkononi. Alitaka kuvuta taa moja hadi kwenye kibanda. Rifuala aliutazama ule waya, akatikisa kichwa. Umeme uliotoka nyumba ya wanawake ukaja kulala juu ya kichwa chake, alisema, Maelasi angeujadili hadi Pasaka, na yeye hana nguvu za kumsikiliza.

"Basi nitakufungia paneli yako, hapa pembeni. Kutakuwa na kazi, nitakuwa na mshahara."

"Ukipata nafasi. Usiache watu wanangoja ukaja kwangu."

"Utakaa gizani, Baba."

"Nina taa ya mafuta. Na siko gizani." Alionyesha kwa kidevu upande wa juu. Dirishani kulikuwa na mwanga mweupe, na kivuli cha Mama Losi kikipita na kurudi, kikikunja nguo. Mwanga ulitoka mlangoni, ukalala kwenye majani hadi karibu na miguu yao. "Tangu niijenge nimekuwa nikikaa ndani," Rifuala alisema. "Sikujua inaonekana hivi."

Jenita alikaa chini kando yake, bega kwa bega, akazungusha waya kiganjani ukawa duara. Mama Losi akatoka na sahani ya majimbi yenye tui, akaiweka kati yao, akakaa naye.

"Sogea," alimwambia mumewe. "Kwako ni padogo."